Wapagazi wa Bethuel

Majira yote ya baridi Bethuel alikuwa akipaka rangi wapagazi. Mchana aliendesha gari la kuwapeleka wazee hospitali. Jioni, nyumbani mtaani Husby, huku ughaibuni, alivaa miwani na kuinamia visanamu visivyozidi kidole gumba.

"Baba watoto," mkewe Truphosa alimtania, "wenzako wanajenga kwao, wewe unajenga jeshi la mezani."

Bethuel aliendelea kupaka. Kila mpagazi alimpa sura ya peke yake. Babu wa baba yake alichukuliwa mwaka 1917 kuwabebea Waingereza mizigo wakipigana na Wajerumani, na hadi leo kaburi lake halijulikani.

Jumamosi chama chake cha michezo ya vita ya mezani, kule Sundbyberg, kiliunganisha meza na kuvipanga vita hivyo hivyo. Chama kina desturi moja: kikosi kikiangamia, wachezaji wote husimama wakagonga meza mara moja kwa heshima. Bethuel alitaka wapagazi wake nao wagongewe. Hilo tu.

Kete za mchezo zikaamua kwamba homa imeingia kambini. Safu nzima ya wapagazi ikafa. Bethuel akasimama. Alisimama peke yake. Liam, mwamuzi, alikuwa akitafuna soseji kama wenzake; akawazoa wafu kwa vidole vinavyong'aa mafuta, akawatupa ndani ya kopo la kahawa, kisha akajifuta haradali kwenye kitambaa cha meza. Bethuel akawageukia wote.

"Hamgongi?"

"Kwa hao?" Liam akacheka. "Hao ni mizigo yenye miguu, bwana. Tukianza kuwagongea tutalala hapa."

"Hata kanuni haziwahesabu kama askari," akadakia Thomas, aliyecheza upande mmoja na Bethuel. "Kaa, ni zamu yako."

Meza nzima ikaangua kicheko. Muda mfupi kabla, watu hao hao walikuwa wamesimama wima na kugonga meza kwa ajili ya farasi waliokufa.

Bethuel hakubishana. Aliwatoa wafu koponi, akawafuta mmoja mmoja kwa leso, akawalaza sandukuni. Kisha akaanza kuwaokota walio hai, wa pande zote mbili, maana wote walikuwa wake.

"Wee, ngoja!" Liam alimeza bila kutafuna. "Mzinga usio na wapagazi hausogei. Ndiyo kanuni!"

"Naijua."

"Sasa tutachezaje?"

"Bebeni wenyewe."

Thomas alimfuata hadi mlangoni, akamsihi awaache wapagazi mpaka jioni tu, wasiharibiane siku. Akanyoosha mkono wa kupatana, nao ulinuka soseji. Bethuel aliutazama, akalikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili, akatoka.