Majina ya Nyuma ya Kitabu

Usiku ule nililala nimenuna, hata chakula sikugusa. Mchana msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa ameniambia, bila kunitazama: "Zuhura, huwezi kuandika juu ya nyimbo za wafinyanzi kana kwamba wewe ndiye wa kwanza kuzisikia. Niletee waliokutangulia kuziandika. Ukiwakosa hadi Ijumaa, badilisha mada." Nibadilishe mada! Nyimbo nilizolelewa nazo, ambazo mama yangu anaziimba hadi leo akifinyanga vyungu vyake! Nikajigeuza kulia, nikajigeuza kushoto, shuka likanizonga miguu. Sijui usingizi ulinichukuaje.

Nikajiona niko maktaba ya chuo, lakini sakafu ni ya darasa letu la sekondari, ile saruji iliyobanduka. Wageni wamekaa mkekani kama siku ya posa. Natazama vizuri, kumbe si watu. Ni zile fotokopi zangu, zimekaa kwa adabu zinangoja kuhojiwa. Na mbele yao yupo Mwalimu Salma, kanga yake begani. Mwalimu Salma aliyenifundisha Kiswahili, ambaye tulimzika masika yaliyopita.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Uhai wake wote sikumwona akiacha salamu ya mtoto bila kuijibu. Akainua fotokopi ya kwanza, akaiuliza lile swali alilokuwa akimuuliza kila mwanafunzi mgeni kabla hata ya jina lake.

"Wa nani wewe?"

Karatasi kimya. Anaigeuza atafute nyuma, nyuma hamna kitu. Anachukua nyingine. Wa nani wewe? Kimya. Sasa anaharakisha, karatasi zinaruka, mimi nakimbia kuziokota, na kila nikiinama chumba kinarefuka. Mara tuko uani kwa mama, udongo mbichi umenishika miguu, karatasi zinalowa mbele ya macho yangu na sizifikii.

"Umewatoa wapi hawa wasio na ukoo?" ananiuliza.

"Nilitoa kopi ya sura niliyoitaka tu, Mwalimu. Kurasa za marejeo niliziacha. Wote tunaziacha, kopi ni ghali. Mle nyuma hamna kitu, ni majina tu."

Akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Majina tu," akasema taratibu. "Na mimi sasa nimebaki na nini kingine, mwanangu?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaamka. Mto umelowa, na nje kunapambazuka.

Mama angeniambia nitoe sadaka. Sadaka nitatoa, lakini asubuhi ile miguu ilinipeleka maktaba, nikasimama mlangoni hadi wakafungua. Nikachukua kile kitabu kinene cha kazi za mikono za wanawake, kilekile nilichotoa kopi sura yake moja, na safari hii nikakifungua kwa nyuma. Loo! Kurasa na kurasa za watu. Nikapitisha kidole jina kwa jina, nikiuliza moyoni: wa nani wewe? Mmoja akanipeleka kwenye kitabu chembamba chenye vumbi, rafu ya chini kabisa. Nacho nikakigeuza nyuma, maana nilikuwa nimeshaonja utamu wake.

Huko ndiko nilikomkuta. Jina lake, jina la baba yake, na mbele yake maneno machache: tasnifu juu ya nyimbo za wafinyanzi, haijachapishwa, imehifadhiwa chuoni. Chuo hikihiki. Miaka yote ya kutufundisha hakuwahi kututajia, na mimi nimekuwa nikilipita jina lake rafuni nikienda kwenye mashine ya kopi.

Machozi yakanitoka. Nikaweka kidole juu ya jina, nikasema "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti kubwa, maktaba nzima ikageuka kunitazama.