Mama Nguzo na uzio alioujenga mara mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande bado umelala juu ya nyasi, na Mama Nguzo amepiga goti kwenye kona ya malisho, sikio lake karibu ligusane na mti. Kwa nyundo ndogo anaigonga nguzo chini kabisa, pale inapoingia ardhini. Ngo, ngo, ngo. Anaitikia kwa kichwa, kana kwamba amemjulia mtu hali na kujibiwa kwamba hajambo.

"Hii nzima," anasema. "Mchwa wakiingia, sauti inakuwa kama ya debe tupu. Nguzo haijui kudanganya. Watu ndio wanajua."

Hatua kumi nyuma yake anakuja mumewe na ndoo ya misumari ya U, koleo mbili na mzunguko mdogo wa waya begani. Jicho lake la kushoto limefumba. Halijafumbuka tangu miaka kumi na moja iliyopita.

"Mwandishi, andika hivi," anasema mzee huyo. "Mwanamke huyu anaongea na nguzo kuliko anavyoongea na mumewe."

"Nguzo hazikoromi," mkewe anamjibu bila kugeuka.

Wawili hao wanaukagua uzio wenye urefu wa mita mia saba na arobaini, wenye nguzo zaidi ya mia mbili na arobaini. Wanafanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua. Shamba si lao. Ni la dada wa mume, ambaye Mama Nguzo humwita wifi, mfugaji wa ng'ombe kumi na wanne na mbuzi ambao idadi yao haikai. Kwa kazi hii hawalipwi chochote, wala hawajawahi kuomba.

Kwingineko hulipwa. Uzio wa mita mia moja humwachia Mama Nguzo faida inayotosha kununua mbuzi wawili wazima, "au mmoja na nusu ikiwa mwenye shamba anajua kulia," anasema kwa kicheko. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, ni mama wa watoto wanne, na mikono yake ina makovu membamba mengi yaliyopishana. Jina la Mama Nguzo alipewa na wafugaji. Mwanzoni lilikuwa la kumcheka.

Zamani fundi alikuwa mumewe. Yeye alikuwa wa kubeba misumari na kushikilia mti usimame wima. Siku moja wakivuta waya, ulikatika. Waya uliokazwa ukikatika haudondoki, hurudi ulikotoka kama nyoka aliyekanyagwa. Ulimpata mumewe usoni.

"Nilimsikia akisema, 'Mama, sioni,'" anakumbuka. "Hajawahi kuniita mama. Nikajua ni balaa."

Miezi minane hakuna aliyegusa waya nyumbani kwao. Kisha mama huyo akavaa koti la mumewe, akakunja mikono iliyomzidi, akaanza kutafuta kazi. Mpaka leo hamruhusu mtu kusogelea waya bila miwani ya plastiki. Hata mwandishi wa habari hizi amevalishwa, na haimkai vizuri.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka kwa wifi yake. Mvua zilikuwa zinanyemelea, ng'ombe walikuwa wakitoroka kila siku, na wifi alitaka uzio ndani ya wiki mbili. Mama Nguzo alitaka kumpendeza. Alikata miti mibichi, hakuikausha, hakuipaka kitu. Mashimo aliyachimba kina cha mkono mpaka kiwiko, basi. Seng'enge, ule waya wa miiba, akaizungusha kote, mistari minne.

"Nisikudanganye, nilijua," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kugonga. "Mume wangu aliniambia, 'Hiyo miti bado inatoa maji.' Nikamwambia aniache nifanye kazi yangu. Uzio ulipendeza! Watu walikuja kuutazama."

Haraka haraka haina baraka. Msimu wa pili wa mvua, nguzo ya kona ililala. Kona ikilala, waya wote hulegea, kwa sababu ndiyo inayobeba mvuto wa mstari mzima. Ng'ombe bora wa wifi, mwenye mimba ya miezi saba, aliona nyasi za upande wa pili, akasukuma. Seng'enge ikamnasa miguu na kiwele. Alivyozidi kujitoa ndivyo ilivyozidi kumla. Walimkuta amekwishachoka. Ilibidi achinjwe, na ndama tumboni mwake.

Wifi hakupiga kelele. Alisema sentensi moja tu: "Wewe ulijenga pambo, hukujenga uzio."

Baada ya hapo hakusema naye tena. Miaka mitatu. Kwenye harusi za jamaa alimsalimia kaka yake, akampita wifi yake kama anavyopita kiti. Watoto walitumwa huku na huko kupeleka habari.

"Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi," anadakia mume. "Nyasi zenyewe ndizo mimi. Kwa dada naulizwa, 'Huyo mkeo hajambo?' Nyumbani naulizwa, 'Huyo dadako kasemaje?' Nikawa redio ya watu wawili."

Katika miaka hiyo mitatu Mama Nguzo alijifunza upya. Alikwenda kushinda siku nzima kwenye karakana ya kutia nguzo dawa, akafagia bila malipo ili aone jinsi mti unavyokaushwa miezi kadhaa kabla ya kunyweshwa dawa. Alikaa na wachungaji kuwatazama wanyama. Anasema hapo ndipo alipogundua kwamba uzio huanza na tabia ya mnyama, waya hufuata baadaye.

"Ng'ombe anasukuma. Mbuzi anatafuta tundu. Ndama anapita chini, na dume anapitia anapotaka," anaeleza. "Sasa ukimwekea mbuzi seng'enge, anakucheka. Yeye mpe wavu. Ng'ombe mpe waya laini uliokazwa vizuri, seng'enge mstari mmoja juu, ili asiegemee. Mtu akiniita nimjengee, sitaji bei. Naomba kwanza nione mifugo wakila."

Kisha, asubuhi moja, bila kuitwa wala kutuma salamu, alifika kwa wifi yake na mkokoteni wenye nguzo nne nene. Alikuwa amezinunua kwa malipo yake ya kazi mbili. Akashuka, akaanza kuchimba kwenye kona ileile.

Wifi alitoka, akasimama mlangoni, akarudi ndani. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili pia. Mume alikuwa akichimba pembeni, anasema, huku anasali.

Siku ya tatu, mama huyo alipokuwa anajiandaa kusimamisha nguzo, aliona kivuli. Wifi yake, mwanamke mzito wa miaka sitini, alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye udongo na gauni lake safi, akauingiza mkono wote shimoni mpaka begani. Vidole vyake vilifika chini.

"Bado," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza katika miaka mitatu. Mama Nguzo aliilaza nguzo chini. Alichukua mtaimbo, akaendelea. Baada ya nusu saa wifi akalala tena, akapapasa, safari hii hakugusa kitu.

"Haya. Sasa limefika," akasema, akajipangusa udongo. "Na wewe, kaka, unatazama nini? Leteni mawe."

Walishindilia udongo na mawe tabaka kwa tabaka, wifi mwenyewe akimwaga maji. Jioni ile walikula pamoja, na katika miezi iliyofuata nguzo zilizobaki na waya wote vikabadilishwa. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno.

"Maneno ya nini?" wifi anauliza, anapotukuta leo karibu na geti akiwa na ndoo ya maziwa. "Nilimwona anavyochimba. Mtu mwenye dharau hachimbi hivyo. Halafu na mimi nilikosa. Nilimharakisha, nikambania hela ya nguzo nzuri, kisha nikamtwika lawama yote peke yake."

Mama Nguzo anashughulika ghafla na msumari ambao hauna tatizo lolote.

"Hilo hujawahi kuniambia, wifi," anasema hatimaye.

"Basi nimemwambia mwandishi. Utalisoma."

Uzio huo sasa una miaka sita. Haujaanguka hata mara moja, ingawa fahali wa jirani aliwahi kuujaribu kwa wiki nzima. Tunapoendelea, mama huyo anaonyesha siri ndogondogo. Msumari wa U haupigwi ukazama wote, kwa sababu waya unapaswa kuteleza kidogo unaposukumwa. Waya haukazwi sana jua likiwaka, maana baridi itauvuta na kuukata. Magugu yanayopanda uzioni hung'olewa mapema, kwa sababu hushika unyevu na kuleta kutu. Kwenye orodha ya kazi za leo kuna nyaya mbili zilizolegea, na bawaba ya geti inayohitaji grisi. Hayo tu.

Nyuma ya zizi, kwenye mteremko usiofaa kwa malisho, tunakuta kitu ambacho hakikutajwa njia nzima: miche mia tatu kwenye vifuko vya plastiki, imepangwa kivulini. Kipande hicho cha ardhi wifi amempa mwaka huu. Nguzo nzuri hutoka mbali na gari hula nusu ya gharama, kwa hiyo Mama Nguzo ameamua kupanda za kwake. Mvua zikianza, miche itaingia ardhini. Mti wa kwanza utakatwa yeye akiwa amevuka miaka sitini.

Mumewe anamwuliza kama hadhani huo ni muda mrefu. Mama huyo anainama, anainua kifuko kimoja, anang'oa jani moja la gugu, anakirudisha mahali pake taratibu.

"Ndiyo uzuri wake," anasema. "Nataka mfugaji aje hapa, azione nguzo zake zikiwa bado zina majani. Azishike, aulize, achague. Na akiniambia ana haraka, nitamvutia kiti akae, anywe chai mpaka haraka yake ipungue."