Mti wa Sitroni Nyuma ya Jiko

Nilikuwa bado mtoto wa kubeba kidumu kidogo cha maji tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mpaka leo nikikumbuka habari za ule mti nakasirika. Namkasirikia Bibi, Mungu anisamehe.

Bibi, mama yake baba, alitoka Kivu ya Kusini na sitroni moja ndani ya kitenge. Si limau hizi za sokoni. Ni tunda kubwa lenye vinundu, ganda nene kuliko kidole changu cha wakati ule, maji yake kidogo tu. Kwao walichemsha ganda kwa kikohozi, wakaliweka pia katikati ya nguo kufukuza wadudu. Njiani, juu ya lori, tulilinusa tusitapike. Bibi alisema sitroni ya kwanza ilitoka mbali kwa Wahindi, ikaletwa na wafanyabiashara mpaka kwetu ziwani.

Tulipopewa kiwanja, akalichemsha lote kwa ajili ya kifua chake, mbegu akazifunga kwenye pindo la kitenge. Nikamwomba tuzipande.

"Mukimbizi anapanda maharagi," alisema. "Muti ya matunda hapandi. Ikizaa, imemushika. Harudie tena kwabo."

Hakuwa peke yake. Mzee jirani yetu hata mihogo aliiogopa, eti inakaa mno ardhini.

Niliiba mbegu moja nikaipanda nyuma ya jiko, pale tulipomwaga maji ya vyombo. Niliitaka ile harufu, basi. Mti ulipogunduliwa ulikuwa umenifika kifuani, una miiba. Kila Bibi aliposema ung'olewe, Mama alijibu, "Tutaukata kesho." Kesho hiyo ilidumu miaka.

Halafu ukatoa maua, msimu uleule watu walipoanza kusema kwetu kumetulia. Majirani wakafunga mizigo. Bibi akasimama mbele ya yale maua akalia, yeye ambaye hakulia njiani.

"Kata leo, mama," akaniambia.

"Lakini Bibi, si ulisema nayo ilitoka kwa Wahindi? Ikaja kuzaa kwetu."

"Na uliona ikirudia kwabo?"

Nikachukua panga.

Tulifunga mizigo, na wiki chache baadaye tukaifungua, maana vita vilianza upya. Kisiki kikachipua; nikaamriwa kukikata tena, na tena, mpaka kikafa. Tukabaki palepale, bila safari na bila mti.

Mwaka wa mwisho wa Bibi, kifua kilimbana sana. Mimi nilikuwa nikishona nguo Kakoba, mjini Mbarara, akaagiza nimpelekee ganda la sitroni. Nilizunguka masoko siku mbili.

"Limau iko hii tu, nyabo," muuzaji mmoja aliniambia, akiniita bibie kwa lugha ya huko. "Hiyo ingine mimi sijui."

Nikampelekea hizo za ganda jembamba. Bibi akanusa moja, akaiweka chini.

"Ile muti yako," akasema, "sasa ingekuwa inazaa."

Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya mgonjwa. Nilikuwa na majibu mengi, na yote ninayo bado. Tulimzika Nakivale, na hakuna mti uliomshika.

Baada ya mazishi mume wangu aliniletea mche wa limau tuupande uani, watoto wapate cha kutia kwenye chai. Nilimwambia tutaupanda kesho. Ni mwezi wa tatu sasa, mche uko mlangoni ndani ya kopo, na kila asubuhi naumwagilia maji.