Baba Aliyelala Mchana

Jioni za utotoni mwangu zilikuwa na sauti yao, kwaruu, kwaruu, tawi kubwa la mgunga likiburutwa chini kuziba lango la boma. Ng'ombe wameshaingia, vumbi lao bado linaelea, moshi wa samadi kavu unatuchoma macho, na harufu ya maziwa imechanganyika na ya mkojo wa ndama. Baba mdogo Hango ndiye aliyekuwa akilivuta tawi lile, akilisukuma kwa mti wenye panda asichomwe na miiba, kisha anajipangusa mikono kifuani na kusema haya, tumelala, ingawa ugali wa uwele bado uko jikoni. Sisi watoto tukiisikia sauti ile miili ilitulia. Fisi yuko huko, sisi tuko humu. Sikujua kwamba kuna mtu mzima anayeweza kuisikia sauti hiyo hiyo akatokwa jasho.

Mwaka huu watu wa makumbusho walikuja Ihanja na lori lao. Mjukuu wangu Neema, ambaye naishi naye hapa Sepuka, akaniambia Bibi twende, wameleta mambo ya wafungwa wa vita, na baba yako si alikuwa huko? Miguu yangu siku hizi haina hamu na safari yoyote, lakini niliona ameshavaa viatu, basi nikapanda bajaji. Walikuwa wamefunga turubai kando ya uwanja wa mnada. Picha zimebandikwa kwenye mbao, spika inaongea peke yake, na ng'ombe wa kuuzwa wanalia upande wa pili. Kuna picha za Wazungu, na kuna za watu weusi kama sisi, wamevaa kaptula, wamekonda, hawamtazami mpiga picha. Mezani kulikuwa na kipande cha seng'enge chenye kutu. Binti aliyekuwa anaelezea aliniamkia shikamoo, akanishikisha kile kipande. Akasema hii ndiyo iliyowazunguka, na jua likizama lango lilifungwa, halikufunguliwa kwa yeyote mpaka asubuhi, hata kama ndani kuna mtu anakata roho. Nikaomba kiti. Neema alidhani ni jua.

Baba yangu Ntandu alichukuliwa kwenda vita ya Wazungu mimi nikiwa tumboni. Aliyetangulia kurudi ni Mujungu, waliyeondoka pamoja, naye akasema Ntandu kabaki kwenye nchi ya mchanga. Bibi yangu Mahami, mama yake, akamlia. Mama yangu Nyambua akanyolewa nywele. Ng'ombe wakawa chini ya Hango, mdogo wake, na maisha yakaendelea. Halafu mwaka ambao nilikuwa nimeanza kupewa jembe dogo, tukiwa katikati ya palizi la uwele, akatokea mtu mrefu kwenye njia ya shamba, begi la turubai begani. Mama aliinua kichwa akamtazama, akainama tena, akapalilia mpaka mwisho wa mstari wake. Ndipo akaketi kwenye udongo akalia. Kwa kuwa alikuwa ameshaliliwa msiba, bibi alisema asiingie bomani mpaka achinjiwe kondoo, na kondoo alipatikana kesho yake. Baba hakunung'unika kulala nje. Tungekuwa watu wa kutazama, tungeanza kuelewa hapo.

Alipoulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo alijibu kwamba alikuwa mfungwa. Jibu hilo lilimharibia. Kwetu mfungwa alikuwa mwizi wa ng'ombe, aliyepelekwa Singida mjini kuvunja mawe. Kwamba askari anaweza kufungwa kwa sababu tu ameshikwa na upande mwingine, nani alikuwa ametueleza? Hango alimuuliza mbele ya watu aliiba nini. Baba akasema hakuiba kitu. Kumbe ulifungwa bure, wakasema, wakacheka, wakamwambia Wazungu hawalishi mtu bure. Toka hapo hakueleza tena.

Ikaja habari ya lango. Asubuhi tuliamka tukakuta tawi limevutwa kando. Hango akatugombeza watoto. Likavutwa tena, akamgombeza mchungaji wake. Kisha akakosekana mtamba mwekundu, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, na nyayo za fisi zilikuwa wazi kwenye tope, lakini Hango hakutaka kuzitazama nyayo. Yeye alitazama begi la turubai. Akasema mtu aliyetoka kifungoni anawafungulia wenzake njia, leo mtamba, kesho boma zima.

Wazee waliitwa, na mkubwa wao alikuwa Gwau, jirani yetu, mtu wa maneno machache. Walikaa kwenye kivuli cha ghala la uwele, baba amesimama, maana tangu arudi hakupenda kukaa wengine wakiwa wamemzunguka. Mama alikuwa anatwanga, nami nilikuwa karibu yake napepeta, kwa hiyo nilisikia. Gwau alimuuliza kama ni yeye anayefungua. Akasema ni yeye.

"Kwa nini, Ntandu?"

"Lango likifungwa sipumui."

Watu wakatazamana. Hango akasema, "Hata ng'ombe wanalala wamefungiwa, wanapumua. Wewe una mapafu gani, kaka?"

Wengine walicheka, na baba naye alijaribu kucheka, akashindwa. Gwau hakucheka. Alisema boma si la mtu mmoja, lina watoto na mifugo ndani, kwa hiyo Ntandu akubali lango lifungwe, au akatafute pa kulala. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake tena, lakini kila mtu alijua akiondoka ataondoka na jina hilo. Baba aliinama akachukua begi lake. Mtwangio wa mama ukanyamaza.

Mama alifunga chungu, jembe na ngozi ya kulalia. Bibi Mahami alimwambia ameshamlilia mume huyo mara moja, amtake nini tena, fisi watamla. Mama akanigeukia mimi. "Ukilala kwa bibi yako sitakulaumu," akasema. "Mimi naenda kwa mume wangu." Yule mtu nilikuwa sijazoea hata kumwita baba. Nililala kwa bibi, lango limefungwa, kila jioni nasikia kwaruu, na usingizi ulioletwa na sauti ile siku zote ukawa hauji. Uwele ulipoanza kutoa masuke nilijitwisha kibuyu changu nikawafuata.

Walikuwa wamejenga kijumba cha miti na udongo mwisho wa shamba, hakina ua, hakina lango, na mlangoni hakuna hata mkeka. Usiku baba hakulala. Alikaa mlangoni, fimbo magotini, akichochea moto kidogo kidogo. Nikishtuka nilikuwa naona mgongo wake na nyota juu ya kichwa chake. Mgongo ule ndio ulikuwa ua wetu, na hatukupoteza hata mbuzi. Kulipokucha alilima kidogo na mama, kisha akajilaza juani, mahali peupe, na hapo ndipo wapita njia walipomkuta. Wakamwita mvivu. Jina hilo lilikaa kuliko la mwizi. Siku tuliyomzika, mimi nikiwa mke wa mtu, Hango alisimama kaburini akasema ndugu yangu alipenda usingizi. Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Mimi nilijua kwamba usiku baba alikuwa halali usingizi. Sababu yake nimekuja kuishika kwa mkono wangu Ihanja, na Hango, Gwau, mama, bibi, wote hawapo wa kuambiwa.

Nyumba yetu hapa Sepuka mwanangu Elia ameizungushia ukuta wa tofali, na geti la chuma, na juu yake seng'enge mpya inayong'aa, kwa ajili ya wezi. Giza likianza kuingia Neema anafunga kufuli na funguo anazivaa shingoni. Siku ile tuliyotoka Ihanja nilimwambia aliache geti wazi.

"Bibi, wezi."

"Nitakaa mimi."

Akaniletea kiti, akanifunika kanga mabegani, akaenda zake jikoni bila kubishana. Nilikaa katikati ya geti, fimbo magotini, natazama njia. Kwa jirani redio ilikuwa ndiyo inaanza taarifa ya habari. Nilitaka kujua tu, usiku mmoja ulikuwa na uzito gani kwake. Taarifa sikuisikia ikiisha. Nilizinduka niko kitandani, viatu nimevuliwa, kumekucha, na geti limefungwa.