Eda Bila Maiti

Siku wale watu waliozunguka mwezi walipoonyeshwa kwenye simu, hakuna aliyeuliza shahidi yuko wapi. Barazani kwa baba mkwe, hapa Mitwero, wanaume walipokezana simu ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Wakatazama chombo kikipita nyuma ya mwezi, wakasema Subhanallah, wakarudi kwenye kahawa yao. Wakaamini, basi.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewasikilizisha simu yangu. Ilikuwa sauti ya kijana wa nchi jirani aliyekuwa handaki moja na mume wangu huko vitani. Alisema: "Shemeji, pole. Mumeo ameanguka mbele yetu, nimeona kwa macho yangu. Hatuwezi kumfuata. Vile vindege visivyo na rubani vinashinda juu ya vichwa vyetu, anayetoka anauawa. Mswalieni huko."

Hiyo hawakuiamini.

"Siku hizi kompyuta inatengeneza sauti ya mtu yeyote," shemeji alisema.

"Hatuziki mtu kwa simu," akasema baba mkwe. Sheikh aliyeitwa akasikiliza mara mbili, akasema tusubiri yakini. Mama mkwe alichukua ungo akaenda kupepeta mchele ambao alikuwa ameshaupepeta.

Mume wangu alikuwa dereva wa bodaboda Lindi mjini. Tulimaliza wote kidato cha nne. Alikuja mtu kutoka Dar, kavaa vizuri, na habari za kazi ya ghala huko Ulaya. Karatasi aliyosaini iliandikwa kwa lugha ambayo hata herufi zake hakuzijua. Nilimwambia. Akaniambia wivu wa maendeleo unanisumbua. Na yeye nina hasira naye, nisiseme uongo kwa sababu amekufa. Alipofika, ghala likawa handaki na sanduku la kubeba likawa bunduki.

Shemeji ndiye mtaalamu wetu wa vita. Ananieleza kwamba hii ni vita ya kuchoshana, kila upande unangoja mwenzake aishiwe. Nikamuuliza aishiwe nini. Akasema risasi, magari, watu. Alisema "watu" kama muuza duka anayekwambia sukari imekwisha, pita kesho. Mwaka mzima wamepigania mstari mmoja wa miti, na walivyosogea ni kama kutoka msikitini kwetu hadi barabara ya lami. Mimi na tumbo la miezi minane nilikuwa naitembea njia hiyo na ndoo kichwani, na sikuua mtu.

Siku moja alinikuta kwenye cherehani, nashona sare za shule. Yeye ana mapenzi na mambo ya anga, kila mara ana picha mpya ya kunionyesha. Akanisogezea simu. Niliona ardhi ya kijivu, mashimo juu ya mashimo, hakuna jani.

"Mwezi tena, shem? Nina kazi."

"Huu si mwezi," alisema. "Ndipo alipo kaka. Nimepatafuta kwa maelezo ya yule kijana."

Niliachia pedeli. Nikamuuliza hiyo picha imepigwaje.

"Na satelaiti. Hata hapa kwetu unapaona." Akatelezesha kidole, nikaona paa letu na tangi la maji. Kisha akarudi kwenye mashimo.

"Mtu haonekani?"

"Kwa picha hizi za bure, haonekani. Wenyewe wanaopigana wana zinazoona zaidi. Wanahesabu vifaru kimoja kimoja."

"Basi wanamwona."

Shemeji alizima simu akaitia mfukoni.

Nililala na hilo, nikaamka nalo, nikapika uji nalo. Watu walikwenda mwezini wakaokota mawe, wakayabeba njia yote ile, wakayaweka kwenye vioo yasipate vumbi. Mawe. Mume wangu yuko kwenye shamba la mtu, hapa hapa duniani, anaonekana kutoka juu, na hakuna wa kumtoa. Vyombo vinavyorushwa juu vinawaonyesha wapi pa kupiga. Pa kuokota havionyeshi, au vinaonyesha na hakuna anayetazama. Halafu mimi ndiye naambiwa nina haraka.

Maana hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Bila maiti, wanasema, hakuna msiba. Bila msiba hakuna eda. Mimi ni nani basi? Wanawake kisimani walikuwa wanakata maneno nikifika. Binti yangu, ana miaka mitano, akiuliza baba anarudi lini, bibi yake anamjibu "karibuni". Kila siku karibuni. Nilikuwa naishi na neno hilo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Asubuhi moja nilioga, nikajifunga shuka jeupe, nikatandika mkeka chumbani, nikakaa eda. Sikumwomba mtu ruhusa. Mama mkwe aliposimama mlangoni aliniona, akashika fremu.

"Vua hiyo."

"Sivui, mama."

"Unamuua mwanangu."

"Wamemuua wao. Mimi nasema tu."

Aligeuka, na kwa siku kadhaa hakunisemesha. Chakula aliniwekea mlangoni, kimefunikwa.

Aliyekuja kuuvunja ukimya ule ni mtani wa ukoo wao, mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga. Kwetu mtani haalikwi msibani, anajileta, na kazi yake ni kumwigiza marehemu na kuwachokoza wafiwa. Alisikia kuna mwanamke kavaa nyeupe Mitwero. Akaingia uani anapiga kelele.

"Kumbe mna msiba hapa, ubwabwa mnakula kimyakimya? Mimi mnanificha, washenzi nyie?"

Akaanua kutoka kwenye kamba koti la mume wangu la bodaboda, akalivaa. Mwiko ukawa bunduki. Nilichungulia dirishani. Alitembea kwa kunyata, magoti yamekunjwa, akasimama mbele ya wanaume barazani.

"Samahani wazee, adui yuko wapi? Nimeambiwa nimpige, simjui hata jina. Na hili shamba ninalolifia, ni la nani? Mnalijua nyie? Nyie si ndio mnajua mpaka ya mwezini?"

Shemeji alicheka peke yake, kisha akaacha. Mtani akajilaza kifudifudi katikati ya ua, kwenye jua.

Mama mkwe alitoka jikoni. Nilidhani atamfukuza. Alichuchumaa karibu na lile koti, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Umekula?"

"Nani ataniletea, mama? Wote wako barazani, wanangoja yakini."

Mama mkwe alikaa chini mchangani, akalia. Mtani alivua koti, akamfunika nalo mabegani, akakaa naye, utani umekwisha. Baadaye mama mkwe alinyanyuka, akawaendea wanaume, akasema neno moja: "Mswalieni."

Walinyanyuka. Mimi niliwaomba wiki nzima kwa adabu hawakunyanyuka. Hilo sijawasamehe.

Ijumaa walimswalia swala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Kipaza sauti cha msikiti kilifika mpaka chumbani. Swala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu, inaisha upesi kuliko nilivyotaka. Mama mkwe alikuwa mkekani pembeni yangu. Binti yangu aliingia, akauliza kwa nini wanamtaja baba msikitini, kwani amerudi?

"Hajarudi," nilimwambia. "Baba amekufa vitani. Bado yuko kule chini, hawajamzika."

Alimtazama bibi yake, akingoja lile neno lake la kila siku. Mama mkwe alimvuta akampakata, na hakunikatiza.