Aliyeanguka Mkarafuuni Chokocho

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tibirinzi kisiwani kwetu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, sikukaa kitako hata mara moja. Nilikabidhiwa sanduku la bati lenye pamba, aidini, bandeji na mabanzi, yaani vipande vya mbao vya kufungia mfupa uliovunjika. Nikawa nalifungua na kulifunga mpaka Bwana Dresa, mfunga vidonda mzoefu na mkubwa wangu, akachoka.

"Wewe umekalia upupu? Majeraha yatakuja yenyewe, huna haja ya kuyatafuta!"

Kazi yangu ilikuwa huduma ya kwanza kwa wachumaji wa karafuu, nayo ilinifaa, maana damu ikitoka unakimbia, na kukimbia ndiko nilikokujua. Kabla ya kupelekwa shamba tulipewa mtihani wa mdomo na Bwana Daktari, Mzungu mwenye haraka kama mimi. Damu inaruka? Bana kwa kitambaa, inua mkono. Ameungua? Maji baridi, wala si samli. Ameanguka mtini, hasikii miguu?

"Asisogezwe," nikajibu. "Mmoja amshike kichwa kisicheze mpaka machela ifike. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumgeuza ni kumlemaza."

Nikafaulu, nikajiona bingwa.

Msimu ule nikapelekwa Chokocho, chini ya Bwana Nyapara, msimamizi wa wachumaji. Asubuhi moja tawi likakatika, na mchumaji mmoja, Hamadi, akaanguka chali. Nilifika mbio. Alikuwa anapumua, macho kayatoa. "Miguu siisikii," akasema. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa kwa mikono miwili. Bwana Nyapara akatuma watu wakalete machela ya kumbebea.

Baba yake, Mzee Faki, alikuwa akichuma mti wa pili. Akaja, akamwona mwanawe anavyobadilika rangi, akajua ni mauti. Kwetu, mtu akiwa anakata roho huelekezwa kibla, na anayezuia hilo hasahauliki.

"N'geuzeni kibla!"

"Mzee, tafadhali, asiguswe."

"Ntu yuafa, nawe wan'ambia asiguswe? Weye nani?"

"Mie nimesomea kazi hii, Mzee."

"Mie nimezaa!"

Wachumaji wakasogea upande wake, na wallahi nisingewalaumu. Niliogopa. Nikimwachia akageuzwa, huenda asitembee tena. Nikikataa, naye akafa, nitakuwa nimemnyima Mwislamu kibla chake mbele ya baba yake mzazi. Magoti yaliniwaka moto, na kila kiungo changu kilitaka kuinuka kikimbie, mbali, popote.

Nikasema jambo ambalo sikufundishwa na mtu. "Mzee Faki, njoo um'shike wewe. Weka mikono hapa, kichwa kisicheze. Um'somee sikioni."

Alinitazama kwa chuki. Kisha akapiga magoti, tukabadilishana mikono polepole, akainama akamsomea mwanawe shahada. Nikabaki nimesimama, sina la kushika. Nilitembea huku na huko nikiangalia njia ya machela, na sijawahi kuteseka kama nilivyoteseka siku ile.

Hamadi alipona, akatembea, ingawa kwa kuchechemea. Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi, Kiuyu na kwengineko, nikafunga majeraha hata nikasahau ni ya nani.

Sasa nimestaafu, na bado wajukuu wananilalamikia kwamba situlii. Vijana wa karakana wanaosomea huduma ya kwanza huja niwapime kabla ya mitihani yao. Damu, moto, mifupa, wanajibu vizuri kuliko mimi. Kisha nawauliza: na baba yake amesimama hapo juu yako, utamwambia nini? Huanza kunitajia tena mabanzi.

Ndipo huwaeleza jinsi machela ilivyofika, Hamadi akabebwa, na Mzee Faki akabaki nyuma kidogo. Nilidhani atanishukuru.

"Angelikufa," akaniambia, "nisingelikusamehe."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimeshalijua hilo tangu nilipomshika mwanawe kichwa.