Dominika na Chulebuni ya Uru

Enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa, jamani, maua yakifunguka Uru nzima ilinukia mpaka chumbani. Dominika aliolewa wakati huo. Akakuta kihamba cha baba mkwe wake, Leodegar, kimejaa mibuni chini ya migomba, akakipenda kuliko mumewe, na mume mwenyewe alilijua hilo.

Kisha ikaja chulebuni, ugonjwa wa kahawa. Buni changa zikawa nyeusi, zikaoza mtini. Mzee Leodegar hakuhangaika kutafuta sababu: ni kijicho cha mdogo wake Wenseslaus, wa ng'ambo ya mfereji. Akaapa Wenseslaus asikanyage kwake, hata siku ya maziko yake. Aliyejaribu kumtetea alifukuzwa. Miaka ikapita, mzee akaanza kukohoa vibaya, na Dominika akaogopa kwamba atakufa na kinyongo kile. Roho ilimuuma kweli.

Wakati wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani na dawa zikawa ghali, bwana shamba alikuja kufundisha, Dominika akitafsiri. Wazungu walikitazama kile kinachoozesha buni kwa hadubini wakakiandika vitabuni. Sasa ikabidi yeye akiingize kwenye Kichagga. Akasema chulebuni ni kuvu, jamaa ya uyoga. Wazee wakacheka: uyoga gani huo usioliwa? Dominika akanuna. Mkaidi yule! Akachuma buni mbovu kwa baba mkwe na kwa Wenseslaus, akazifunika kwenye bakuli mbili kwa kitambaa kibichi, kama bwana shamba alivyomwelekeza.

Siku chache baadaye akamfunulia mzee. Kwenye bakuli zote mbili, buni zilikuwa zimeota unga wa kuvu wa rangi ya waridi.

"Za nani hizi?"

"Hizi zako, baba. Hizi za baba mdogo."

Mzee akaivuta karibu ile ya Wenseslaus. "Kumbe na zake zinaoza?"

"Tangu mwaka ule ule. Hukwenda kutazama."

Mzee akakata jani la isale, ambalo kwao likiletwa mtu hakatai kusamehe, akamtuma Dominika alipeleke ng'ambo ya mfereji. Wenseslaus alifika jioni ile ile na mbege, pombe ya ndizi. Wakanywa kata moja, wakijadili kuvu kama waliosomea.

Walipata msimu mmoja tu pamoja. Leodegar alipozikwa mgombani, Wenseslaus alishika koleo, akashindwa kuchota udongo.

"Dominika mwanangu," alisema, "miaka yote ile tulikuwa na msiba mmoja, na kila mtu akaulilia kwake."